Hodi ya Sikukuu: Kwa Nini Tunagombana Mlangoni Mtoto Akija na Homa

SEHEMU YA 1: Mkesha wa Krismasi



Desemba imefika, na ujumbe ninaopokea una swali moja lenye sura nyingi. "Nesi, mama mkwe anakuja na kikohozi chake cha siku nyingi, nimwambieje asilale na mtoto?" "Nesi, wifi ana watoto watatu wenye mafua na wanafikia kwangu." "Nesi, nimekataa kwenda kijijini kwa sababu ya mtoto mchanga, sasa ukoo mzima umeninunia." Badala ya kujibu mmoja mmoja, nimeamua kuandika mfululizo huu. Safari hii sianzi na dawa, naanza na historia. Vumilia kidogo, utaona inakupeleka wapi.

Ila kwanza nikiri la kwangu.

Krismasi iliyopita, hapahapa Makole, mdogo wangu alikuwa kwangu na mtoto wake wa miezi mitano. Siku ya mkesha, saa mbili usiku, wifi yangu akapiga hodi. Alikuwa ametoka Dar na treni ya SGR, ana watoto wawili, mabegi, na yule mdogo wa miaka mitatu yuko begani. Nikamgusa mtoto: anaungua. Macho mekundu, analia, kakohoa mara mbili. Kichwani mwangu likaja neno moja tu: surua. Nikasimama mlangoni, sijampa mgeni hata maji, nikasema mbele ya watu wote, "Wifi, huyo asiingie sebuleni, kuna mtoto mdogo humu."

Jamani, nyumba ilinyamaza. Mama mkwe alikuwa anachagua mchele wa pilau, akauweka ungo chini. Akasema, "Mtoto wa ndugu hafukuzwi mlangoni siku ya sikukuu." Wifi akaniangalia machoni: "Kwa hiyo mwanangu ni uchafu?" Mume wangu akashindwa ashike upande gani, akatoka nje. Wifi akaita bajaji, akaenda kulala gesti na watoto wenye njaa.

Asubuhi akampeleka mtoto kupimwa. Ilikuwa malaria. Malaria, ugonjwa ambao mtoto yule asingeweza kuuambukiza kwa kukaa sebuleni na mwenzake. Picha ya majibu aliituma kwenye grupu la familia bila kuandika neno hata moja chini yake.

Mimi ni nesi. Nilikuwa na haki ya kuogopa. Sikuwa na haki ya kufanya vile nilivyofanya. Tangu siku hiyo nimejiuliza kwa nini sentensi moja mlangoni inaweza kuvunja undugu wa miaka, na kwa nini bibi zetu, walioona magonjwa mabaya kuliko haya, hawakuachiwa mzigo huo peke yao kama tunavyoachiwa sisi. Nikaanza kusoma. Haya ndiyo niliyoyakuta.

SEHEMU YA 2: Zamani, umbali ndio uliosema "hapana"

Kabla ya reli, kabla ya lami, nchi hii ya Ugogo ilikuwa katikati ya njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji. Wapagazi kwa mamia walipita na pembe za ndovu na vitambaa. Wakifika huku kwenye ukame walihitaji maji na chakula, na watemi wa Kigogo waliwatoza hongo ndipo wapite.

Angalia muda wa safari sasa. Mwingereza Richard Burton aliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, akaingia Ugogo Septemba. Karibu miezi mitatu. Henry Stanley aliondoka Bagamoyo Machi 1871, akafika Ugogo Mei. Miezi miwili.

Ugonjwa uliotisha kuliko yote njiani ulikuwa ndui. Mtu akiambukizwa ndui, dalili hutokea mara nyingi baada ya kama siku 12. Kwa hiyo aliyeupata Bagamoyo, homa na upele vingemkamata porini, wiki nyingi kabla hajapiga hodi kwa mtu yeyote Ugogo. Simaanishi ndui haikufika huku. Ilifika, kwa sababu ilikuwa inaruka kutoka mpagazi mmoja hadi mwingine. Ila ilipofika ilikuwa imeshaonekana usoni. Kijiji kilijua kinapokea nini.

Yaani umbali wenyewe ulikuwa mlinzi wa mlangoni. Hakuna mkwe aliyelazimika kusimama kizingitini na kusema neno baya.

Lakini tusiipambe zamani, mama. Burton anaeleza kwamba kwenye milima ya Usagara, kabla ya kufika huku kwetu, alikutana na msafara uliokuwa umepoteza watu wapatao 50 kwa ndui. Walikuwapo akina mama waliobeba watoto wachanga, wote wawili wamejaa vipele, na watu wanaojikokota huku macho yameshaharibika. Aliyeanguka hakurudiwa na ndugu, na hakuna kijiji kilichokubali kuwapokea.

Pale ndipo ninapotaka tujifunze kutofautisha maneno mawili. Kuna KUTENGA, na kuna KUTELEKEZA. Kutenga ni kumweka mgonjwa kando huku unampelekea uji. Kutelekeza ni kufunga mlango na kugeuka. Watoto wa wifi yangu walilala na njaa usiku ule. Mimi nilidhani nimetenga. Yeye aliona nimetelekeza, na nikiwa mkweli, alikuwa na hoja.

SEHEMU YA 3: Wanawake waliobeba mikuki, na siku arobaini

Hii sehemu wasomaji wa Dodoma mtaipenda.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mtaalamu mmoja, Peter Rigby, aliishi Ugogo akichunguza mila. Aliandika kwamba ugonjwa ulipovamia ng'ombe, wanawake ndio waliopewa kazi ya kuuondoa. Na waliufanyaje? Walivaa mavazi ya wanaume, wakashika mikuki na fimbo, wakachunga ng'ombe wao wenyewe, kisha wakaenda wakicheza hadi mpaka wa magharibi wa nchi yao "wakautupe" ugonjwa huko. Magharibi, jua linakozama, ndiko mabaya yalikotupwa.

Kama nesi sitakudanganya: ngoma haiui virusi. Ila angalia jambo la kijamii lililomo. Hofu ya ugonjwa haikuwa ya mwanamke mmoja mwenye "roho mbaya". Ilikuwa kazi ya wanawake wote, mchana kweupe, na kila mtu alijua sababu. Hakuna aliyenyooshewa kidole. Leo mke mmoja anabeba mkuki peke yake, mlangoni kwake, usiku wa mkesha, na asubuhi anaitwa mchoyo.

Lipo na jambo la pili ambalo karibu kila mama anayesoma hapa amelipitia: arobaini. Katika familia nyingi za Tanzania, mama akijifungua anakaa ndani siku 40. Anapikiwa uji na mtori, anakandwa, mtoto habebwi na kila mpita njia. Mgeni akija na kikohozi, bibi anamwambia tu, "Subiri mtoto atoke arobaini." Na mgeni hanuni! Kwa nini? Kwa sababu si bibi aliyemkataa, ni mila iliyomkataa. Ni sheria ya wote, imewekwa kabla yeye hajafika.

Sasa sikia hii. Mwaka 1377, mji wa Ragusa, ambao leo unaitwa Dubrovnik huko Kroatia, uliamua kwamba watu wanaotoka sehemu zenye tauni wakae kando siku 30 kabla ya kuingia mjini. Baadaye miji kama Venisi ikatumia siku 40. Kwa lugha yao arobaini ni "quaranta". Ndipo likatoka neno karantini.

Kwa hiyo lile neno lililotutisha redioni mwaka 2020, tafsiri yake ni arobaini. Tumekuwa nalo nyumbani siku zote, likiwa na uji wa moto pembeni. Mama mkwe wako akikuambia "haya mambo ya kutengana ni ya Wazungu", mkumbushe kwa upole jinsi alivyokulinda wewe na mwanae arobaini ilipokuwa bado.

SEHEMU YA 4: Treni ikafupisha kila kitu

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 chini ya Wajerumani, ikafika Dodoma 1910 na Kigoma 1914. Safari ya miezi ikawa safari ya siku. Mji wetu ulikua kwa sababu ya stesheni ile.

Halafu ikaja Vita ya Kwanza ya Dunia. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza walioiteka Dodoma Julai 1916, yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mvua nazo zikagoma. Ikaja njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya, kati ya 1917 na 1920. Makadirio ya utawala wa wakati ule yalisema karibu mtu mmoja kati ya watano Ugogo alikufa. Kama una babu mzee Mvumi, Bahi au Kongwa, muulize kuhusu Mtunya. Huenda alisimuliwa na mama yake.

Na katikati ya njaa hiyo, mwishoni mwa 1918, homa kali ya mafua iliyokuwa inazunguka dunia ikafika Afrika Mashariki. Ilishuka bandarini ikafuata reli, na ilibebwa na askari na wapagazi waliokuwa wanarudi makwao. Duniani inakadiriwa iliua watu wapatao milioni 50. Na haikuua wazee na vichanga tu kama mafua ya kawaida. Iliwapiga sana vijana wa miaka 20 hadi 40, yaani akina mama na akina baba wenye watoto wadogo.

Piga hesabu tena. Mafua huchukua siku 1 hadi 4 kuonyesha dalili. Treni ilichukua muda mfupi kuliko huo. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kupanda treni mzima, akashuka mzima, akakumbatiwa na mama yake aliyedhani amefia vitani, na kesho yake akaanza kuwaka homa. Ugonjwa ulianza kufika ukiwa umevaa sura ya furaha.

Leo SGR, iliyoanza kutuletea abiria Dodoma Julai 2024, inatoka Dar kwa chini ya saa nne. Surua inachukua kama siku 10 hadi 14 tangu kuambukizwa hadi upele kutoka, na mtoto anaanza kuambukiza wengine siku 4 KABLA ya upele. Hapo umbali hauwezi kukusaidia tena. Yule mlinzi wa mlangoni wa zamani ameondoka, na kazi yake imehamia mdomoni mwako.

Ndiyo maana tunagombana. Si kwamba sisi ni wachoyo kuliko bibi zetu, wala si kwamba mama wakwe wamekuwa wakali. Ni kwamba kazi iliyofanywa zamani na barabara, na mila, na kijiji kizima, sasa inafanywa na mwanamke mmoja, kwa sentensi moja, bila kujiandaa.

SEHEMU YA 5: Sahani ya peke yake

Bado kuna swali la wifi yangu: "Kwa hiyo mwanangu ni uchafu?" Hilo nalo lina historia, na inauma.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Wengi wetu tuliozaliwa miaka ile tulikua tukiona nyumba ambamo mgonjwa alikuwa na sahani yake, kikombe chake, kijiko chake, mkeka wake. Ndugu walisema wanajikinga. Lakini VVU haviambukizi kwa sahani, wala kikombe, wala kukumbatiana. Zile sahani hazikumkinga mtu yeyote. Zilimwambia tu mgonjwa, kila siku mara tatu, kwamba ameshahesabiwa maiti.

Rudi nyuma zaidi, Mahenge, mkoa wa Morogoro. Mwaka 1960 daktari mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa huko. Aliwakuta wagonjwa wa kifafa wakilishwa kando na kulala kando, kwa sababu watu waliamini mate ya mwenye degedege yanaambukiza. Wengine walikuwa na makovu makubwa ya moto: walianguka kwenye jiko wakiwa na degedege na watu wakaogopa kuwagusa ili wawatoe. Kifafa hakiambukizi. Hofu ile ndiyo iliyowaunguza.

Unaona sasa? Tunapomwambia ndugu "kaa kule", sikio lake linasikia zaidi ya tulichosema. Linasikia sahani ya shangazi yake aliyefariki. Linasikia Mahenge. Hii haina maana tunyamaze. Ina maana tujue KIPI kinaambukiza kwa njia IPI, ili tusimpe mtu aibu ya bure. Mimi nilimuona mtoto ana homa, nikarukia surua, sikuuliza swali hata moja. Kipimo cha haraka cha malaria kinatoa majibu ndani ya dakika kama 20.

SEHEMU YA 6: "Mungu ndiye anayelinda"

Hoja inayofunga mdomo wa mke yeyote ni hii: "Wewe huna imani? Mungu ndiye anayelinda." Nami naamini Mungu analinda. Ila mjadala huu ni wa zamani sana, na wenye imani kubwa kutuzidi walishaujadili.

Mwishoni mwa miaka ya 630, Khalifa Umar alikuwa safarini kwenda Sham. Alipofika sehemu inayoitwa Sargh akaambiwa kuna tauni mbele. Akawaita masahaba awashauri, nao wakagawanyika: wengine waendelee, wengine warudi. Familia za leo zisione haya, hata wao hawakukubaliana mara moja! Umar alipoamua kurudi, Abu Ubaida akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akajibu kwamba anatoka kwenye kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Akampa mfano wa mfugaji mwenye ngamia na bonde lenye pande mbili, moja nyasi tele, moja kavu. Akichungia upande wowote ni kwa kadari, lakini mfugaji mwenye akili anapeleka wanyama kwenye majani. Sasa Mgogo gani, mtoto wa wafugaji, atakosa kuuelewa mfano huu? Kisha akatokea Abdurrahman bin Auf akawaambia kwamba Mtume aliagiza watu wasiingie kwenye nchi yenye tauni, wala wasitoke humo kuikimbia.

Upande wa Wakristo, mwaka 1527 tauni iliingia Wittenberg, Ujerumani. Martin Luther alibaki mjini kuhudumia wagonjwa, na akaandika barua ndefu kuhusu suala hili. Kwa kifupi alisema ataomba Mungu, kisha atatumia dawa, atasafisha hewa ya nyumba, na hataenda mahali ambapo hahitajiki asije akawaambukiza wengine. Ila jirani akimhitaji, ataenda.

Ona watu hawa wawili, dini mbili, karne tofauti, na imani yao haikupungua. Kujikinga na kumpenda jirani vilienda pamoja. Umar hakuwatukana waliobisha. Luther hakumwacha mgonjwa.

Na serikali nayo imewahi kuahirisha sherehe kubwa. Kipindupindu kilianza Dar es Salaam Agosti 2015 kikasambaa mikoani. Tarehe 9 Desemba 2015, badala ya gwaride la Uhuru, Rais Magufuli aliagiza nchi nzima ifanye usafi, naye mwenyewe akashiriki. Kufikia Aprili 2016 wagonjwa walikuwa zaidi ya 24,000 na vifo zaidi ya 370, Bara na Zanzibar. Hakuna aliyesema Rais hapendi Uhuru. Kama taifa limeweza kubadilisha sikukuu yake bila kuacha kuwa taifa, familia yako nayo inaweza.

SEHEMU YA 7: Sasa tufanyeje?

Haya, tumefika jikoni. Chukua kalamu.

Kwanza, sema mapema, usiseme mlangoni. Arobaini ilifanya kazi kwa sababu ilijulikana kabla. Andika kwenye grupu la familia wiki moja au mbili kabla ya safari, na mwambie mume wako ndiye aandike kama wageni ni wa kwao. Mfano: "Ndugu zetu, tunawasubiri kwa hamu. Nyumbani tuna mtoto wa miezi mitano ambaye hajafikia chanjo ya surua. Mtoto au mkubwa atakayepata homa, kikohozi au upele kabla ya safari, atupigie tupange. Chumba cha pembeni kipo tayari na chakula kitamfikia." Ona, hujamtaja mtu. Ni sheria ya nyumba. Na mgonjwa ameshaandaliwa chumba, hajafungiwa mlango.

Pili, jua ugonjwa unapita njia gani.

Zinazopita hewani: surua, tetekuwanga, mafua, kifaduro, na kifua kikuu ambacho hakijaanza kutibiwa. Hapa chumba cha peke yake na madirisha wazi vinasaidia kweli. Virusi vya surua vinaweza kubaki kwenye hewa ya chumba hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka. Babu mwenye kikohozi cha wiki mbili na zaidi apelekwe kupimwa makohozi kabla ya kumpakata mjukuu. Akianza dawa sahihi za kifua kikuu, wengi huacha kuambukiza ndani ya wiki chache. Ni suala la muda, si hukumu ya maisha.

Zinazopita kwenye maji, chakula na mikono: kipindupindu na kuhara kwingine. Kukaa naye sebuleni si tatizo. Tatizo ni ndoo ya maji, choo, na mikono inayogawa pilau. Sabuni, maji ya kuchemsha, na anayeharisha asipike. Na usisubiri: mpe maji ya ORS huku unampeleka kituo cha afya.

Zisizopita kwa kukaa pamoja: malaria, kifafa, selimundu, kisukari. VVU pia, kwa sahani na kukumbatiana, hapana. Hapa ukimtenga mtu unamwonea tu.

Tatu, angalia kadi ya kliniki kabla ya sikukuu. Tangu 2014 watoto wetu wanapata chanjo ya surua na rubela kwa pamoja, miezi 9 na tena miezi 18. Ile ya miezi 18 ndiyo akina mama wengi mnaisahau, mtoto anakimbia, mnadhani kliniki imeisha. Haijaisha. Chanjo ya mtoto wa wifi yako ndiyo ukuta wa kichanga chako ambaye umri wake bado.

Nne, mgonjwa akishafika, mkaribishe kwanza. Maji, kiti, pole na safari. Halafu mwite mama yake pembeni, si mbele ya watu, uliza: imeanza lini, amepimwa, ana chanjo? Mpeleke mtoto kupimwa na wewe ukiwepo. Dakika zile za kusindikizana zinaponya zaidi ya ujumbe mia kwenye grupu.

Tano, dalili hizi hazisubiri sikukuu iishe: mtoto anashindwa kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, ana degedege, anapumua haraka au kifua kinabonyea ndani, amelegea haamki. Kituo cha afya saa hiyohiyo, hata kama nyama ndiyo inaiva.

Na ukikosea kama nilivyokosea mimi? Rudi uombe radhi. Pasaka nilipanda SGR kwenda kwa wifi, nimebeba zabibu za Dodoma na karanga. Nilipiga hodi natetemeka. Akafungua, akaniangalia kuanzia juu hadi chini, akasema, "Nesi, nawa mikono kwanza, nyumba hii ina watoto." Ndoo na sabuni alikuwa ameshaviweka mlangoni. Nikanawa. Tukacheka, halafu tukalia, halafu tukala. Nilimwambia wazi: hofu yangu ilikuwa ya kweli, lakini namna nilivyoisema ilikuwa mbaya, na nilikosea hata ugonjwa wenyewe. Naye akaniambia kilichomuuma si kuambiwa mtoto akae pembeni. Kilichomuuma ni kwamba hakuna aliyemuuliza mtoto anaumwa nini, wala aliyemletea chakula gesti.

Mwaka huu wanakuja tena. Ujumbe wa grupu ameuandika mama mkwe mwenyewe, kwa sauti, dakika tatu nzima, kamaliza kwa kusema chumba cha pembeni ni chake, atakayeumwa atalala naye. Nimemwambia mama, na wewe una presha na miaka yako, hulali na mgonjwa. Kwa hiyo mjadala unaendelea, lakini safari hii tunaujadili tukiwa bado na wiki mbili mkononi.

Mtumie mfululizo huu mtu mmoja kwenye familia yako kabla hajakata tiketi. Swali lako weka hapo chini, nitajibu nikitoka zamu. Sikukuu njema, na watoto wetu Mungu awalinde.